Nasikia Vizuri

Jumatatu, 4 Machi

Dada yangu, leo nimeanza. Uliniomba niandike habari za nyumbani tangu mvua ya kwanza hadi ya mwisho, nisifiche wala nisipambe, kisha nikutumie daftari zima kwa dereva wa lori la pumba. Basi naahidi: nitasema yote, hata yale ambayo Mama angesema hayafai kutoka nje ya mlango huu. Unanijua, nikiahidi nimeahidi.

Najua pia unachotaka kusoma. Unataka kujua kama Baba anakutaja. Leo hajakutaja.

Mvua imeanza tukiwa darasani, ikapiga bati hadi mwalimu wa hesabu akaacha kufundisha, akakaa mezani akila karanga. Nimefika nyumbani nimelowa chepechepe. Baba alikuwa amerudi kutoka mashineni, unga ungali kwenye nyusi, amekaa kwenye kiti chake na mabega yamepanda karibu yaguse masikio. Nikasema, "Shikamoo, Baba." Kimya. Nikarudia. Mama akamgusa mkono, ndipo akaitika marahaba akitazama ukuta. Siku hizi ndivyo alivyo. Tangu uondoke kwenda kiwanda cha sabuni, kiburi kimemzidi.

Jumatano, 6 Machi

Nimempeleka Baba zahanati, kwa sababu Mama ana sare za shule za kumaliza na cherehani inamsumbua. Baba halali. Shingo haigeuki, meno anayasaga kama bado yuko kazini.

Muuguzi alimbonyeza mabega akaguta, "Lo! Hii ni shingo ya mtu au nguzo ya umeme?" Baba alimtazama mdomo, akacheka baadaye kidogo, baada ya mimi kucheka. Muuguzi akamnyoosha, akamkanda kidogo, kisha akauliza, "Sasa mzee, unasikiaje?"

"Nasikia vizuri," Baba akajibu.

Akaandika hivyo kwenye kadi. Akasema vidonge vya usingizi si vya kukimbilia. Mwili uliokaza hauamrishwi, unabembelezwa. Jioni apate kimya kidogo na muziki laini.

Njiani nikamweleza Baba kwamba mwalimu wetu wa lugha hapendi neno lile. Anasema kusikia ni kazi ya sikio. Mwili unahisi, hausikii. Kwa hiyo muuguzi angeuliza, "Unahisi nini?" Baba akafikiri, akasema, "Ndiyo. Kesho."

Hajakutaja.

Ijumaa, 8 Machi

Nimemwendea mwalimu wa kwaya. Unamkumbuka, yule anayetulegeza kabla hatujaimba: vidole vya miguu, magoti, tumbo, mabega, taya. Husema sauti haipiti kwenye mwili uliokunja ngumi. Nimemwuliza kama muziki unaweza kweli kumlaza mtu mzima. Akasema chagua muziki usio na maneno, wenye mapigo ya polepole kuliko moyo, na moyo utaona haya, utaanza kuufuata.

Ameniazima spika yake ndogo, ukubwa wa kopo la maziwa, yenye kadi ya nyimbo za gitaa, filimbi na kinanda. "Ikiwaka taa nyekundu, inaimba. Ikizimika, chaji imekwisha. Na usiiangushe, mwanangu, huyo ndiye mume wangu."

Jumamosi, 9 Machi

Nimemkalisha Baba sawasawa, nyayo sakafuni, viganja juu ya mapaja. Nikasema, "Fumba macho." Hakufumba. Nikafumba mimi, naye akafumba. Gitaa likaanza, zuri kweli, kama mtu anayeshuka ngazi bila viatu. Tukapumua. Baada ya muda akafungua jicho moja akaniita kwa jina langu la utani, "Haya Mwalimu, washa basi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Naye akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba Baba ana mzaha.

Mama akatoka chumbani na sindano mdomoni. "Kelele gani hizi?"

"Ni dawa, Mama. Imeandikwa na muuguzi."

"Mwache baba yako apumzike. Si mwanafunzi wako huyo, usimfanyie mtihani."

Sielewi Mama ana ugomvi gani na gitaa.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Filimbi. Hajakutaja.

Jumapili, 17 Machi

Leo umepiga simu. Nilikuwa nimekaa karibu nikasikia sauti yako ikitoka kwenye simu ya Mama, ile sauti yako nzito ya kuamsha jiji. Uliposema, "Nipe Baba," Mama akamwonyesha simu. Baba akaisukuma kwa kiganja. "Sina la kusema."

Najua ulisikia. Na mimi naandika kwamba nilimchukia kwa muda wote wa chakula.

Jumatano, 20 Machi

Inafanya kazi! Baba anatikisa kichwa. Nikiwasha, anafumba macho mwenyewe, kidole kinapiga goti, na mabega yanashuka. Nimemwambia mwalimu wa kwaya, akanisimamisha nieleze mbele ya wenzangu. Nilieleza vizuri, bila kujisifu sana.

Jioni Bi Redio alipita. Ndiye yule jirani wa nyumba ya pili. Habari ikimpita leo, kesho ataumwa. Akapaza sauti toka mlangoni, "Baba Mwalimu, mkaa umepanda tena!"

Baba akasema, "Mwambieni ashuke, ataanguka."

Bi Redio alishika mbavu. "Baba Mwalimu utaniua!" Mama alicheka kuliko wote, lakini alikuwa amekamata kitambaa kwa nguvu hadi kimekunjamana.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua kubwa tangu asubuhi. Ukipiga kelele humu ndani, mwenzako anaona mdomo tu. Mama aliomba chumvi kwa ishara, mimi nikampa kijiko, tukacheka. Nimegundua jambo: Baba hufurahi mvua ikiwa namna hii. Anasimama mlangoni mikono nyuma, uso umekunjuka. Labda bati linambembeleza kuliko kinanda.

Nikakumbuka wimbo wako wa kuoshea vyombo: *Lala, mvua, lala, bati letu limechoka.* Nikauimba kwa nguvu, hakuna aliyeusikia.

Jumanne, 2 Aprili

Sitaki kuandika leo, lakini niliahidi.

Nilitoka shule nikamkuta Baba peke yake amekaa kwenye kiti, spika mbele yake mezani. Alikuwa amefumba macho. Kichwa kinatikisika taratibu, kidole kinapiga goti. Nikafurahi kwamba amewasha mwenyewe. Kisha nikaona hakuna muziki.

Taa ilikuwa imezimika.

Nilisema, "Baba." Nikasema tena kwa sauti. Nikachukua sufuria nikaiangusha sakafuni nyuma ya kiti chake. Paka wa jirani alitimka dirishani. Baba aliendelea kutikisa kichwa, polepole, kama nilivyomfundisha.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akanivuta hadi jikoni.

"Sasa umejua," alisema.

"Tangu lini?"

"Kitu kama hiki hakina siku. Kwanza ndege. Halafu sauti za watoto. Halafu wewe. Mashine ile imemsaga yeye pamoja na mahindi ya watu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Kwa sababu hujui kusema uongo. Bi Redio angekuuliza, ungemjibu kwa sentensi kamili." Alijaribu kucheka. "Bosi akijua, kesho yake kuna mtu mwingine mashineni. Msagaji asiyesikia, ni nani atamweka? Lazima asikie mkanda ukilegea, asikie mahindi yakiisha. Baba yako siku hizi anaweka kiganja kwenye bati la mashine, anajua kwa mkono."

Nimemwona mara nyingi ameishika mashine hivyo. Nilidhani amechoka anaegemea.

Nikauliza kwa nini basi anatikisa kichwa. Mama alianza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

"Kwa ajili yako. Alisema, mtoto ameazima kitu cha watu, amehangaika, nisimvunje moyo."

Alhamisi, 4 Aprili

Nimechaji spika. Nimewasha. Ametikisa kichwa. Sasa mimi najua, naye hajui kwamba najua. Tunadanganyana kwa heshima.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemfikiria muuguzi. Alimwuliza, "Unasikiaje?" naye akajibu, "Nasikia vizuri." Mimi nilikuwa pale na sarufi yangu yote, nikakosoa neno, nikaacha jibu lipite.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Kinanda. Hajakutaja, ila amesimama muda mrefu mbele ya kitanda chako akakunja shuka ambalo halikuwa limekunjuka.

Jumatatu, 15 Aprili

Dada, keti kabla hujasoma.

Siku hizi nikitoka shule napitia mashineni. Sikuambiwa, nimejituma mwenyewe, nasimama karibu na Baba ili nimguse mtu akimwita. Leo foleni ilikuwa ndefu, kina mama na ndoo zao wakikwepa mvua chini ya ukingo wa bati. Bosi alikuwepo pia, amekaa juu ya gunia anachokonoa meno. Akamtania Baba, "Mzee, siku hizi masikio umeyaweka akiba?" Watu wakacheka. Baba naye akacheka, baadaye kidogo.

Mimi nilikuwa kwenye ukingo, namsaidia bibi mmoja kutua ndoo. Ndipo mashine ikabadili sauti. Hata mimi nisiyejua nilijua. Ilianza kugonga kama debe la misumari. Baba alikuwa ameinama upande wa pili, ameipa mgongo, anafunga gunia. Mikono yake miwili ilikuwa kwenye kamba. Hakuna kiganja kilichokuwa kwenye bati.

Watu wakapiga kelele, "Zima! Zima! Mzee, zima!" Wote, Dada, foleni nzima. Naye anafunga kamba, fundo la kwanza, fundo la pili, anavuta kuona kama limekaza, uso mtulivu kabisa. Sijapata kuona uso wake umetulia vile. Nilikimbia. Sikuwahi. Mkanda ulichomoka ukaruka kama nyoka ukampiga muuza mboga aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Ulimpata mkono. Nilisikia mfupa.

Bosi ndiye aliyezima. Kukawa kimya, mvua tu. Baba akageuka na gunia lake, akaona watu wote wanamtazama na mwanamke amekaa chini ameshika mkono. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayesubiri wengine waanze kucheka.

Kisha akaona mkanda.

Bosi alimwendea nyuma. Akapiga makofi mara moja karibu kabisa na sikio lake. Baba hakugeuka. Bosi akapiga tena upande wa pili. Watu wakatazama chini. Hakuna aliyecheka.

"Nenda nyumbani, mzee," Bosi alisema, na hata hapo sauti yake haikuwa ya ukali. "Mwambie, binti. Mwambie aende nyumbani."

Nilimshika mkono. Tulitembea kwenye mvua. Karibu na nyumbani akasema, "Wameita?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Wote?"

Ndiyo.

Ijumaa, 19 Aprili

Muuza mboga amefungwa plasta. Mama alikwenda kumwangalia, akapokewa vizuri, na hilo limemliza kuliko kama angefukuzwa.

Mashineni kuna msagaji mpya. Ninaisikia mashine kutoka shuleni. Anaiacha ikimbie bila mahindi. Baba asingefanya hivyo.

Bi Redio amekuja na sukari. Hakusema kitu. Alikaa, akamshika Baba goti, akaondoka. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia.

Jumatano, 24 Aprili

Tumekwenda hospitali kubwa kwa daktari wa masikio. Mama alikuwa amevaa gauni lake jema, kana kwamba daktari akituona wasafi atatupa habari nyingine. Baba aliwekewa vitu masikioni, akaambiwa anyooshe kidole akisikia mlio. Tulikaa tukimtazama kupitia kioo. Mwanzoni alinyoosha mara chache, mwishoni hakunyoosha. Halafu akanitazama mimi akanyoosha, na nikajua anakisia.

Daktari alisema mishipa ya kusikia ikifa haifufuki. Hata kifaa cha sikioni hakitamfaa, kwa kuwa kilichobaki ni kidogo mno, nacho kinaondoka. Nikamwuliza kuhusu muziki. Alinijibu kwa upole, kama watu wanavyomjibu mtoto. Nilimwomba basi atusaidie walau alale.

Hapo Baba akaanza kusema mwenyewe, kwa sauti kubwa kupita kiasi, hata watu wa kwenye benchi la nje wakageuka. Alisema ndani ya kichwa chake kuna filimbi. Haina wimbo wala haipumui. Inapiga mchana kutwa, na akilaza kichwa kwenye mto wa kitandani ndipo inapopandisha. "Mpiga filimbi gani huyu, daktari, asiyepumua?"

Daktari aliandika. Sijui aliandika nini.

Jumapili, 28 Aprili

Mwalimu wa kwaya alisema sauti haipiti masikioni peke yake. Ukiweka mkono juu ya kinanda unaipata kwenye mifupa. Basi nimeweka spika kifuani kwa Baba, juu ya shati, nikachagua wimbo wenye ngoma nzito ya taratibu. Nikaongeza sauti hadi mwisho.

Macho yake yalifunguka. "Ipo!" akasema. Mama akaacha cherehani akaja. Baba aliishika spika kwa mikono miwili, ikawa inamtetemesha vidole. Tulisimama tunamtazama. Niliomba kimoyomoyo.

Polepole mabega yakaanza kupanda. Akaitoa kifuani akaiweka mezani kwa uangalifu mkubwa, akijua si yetu.

"Hiyo ni mashine," alisema. "Naisikia kama mashine."

Mwalimu wa lugha atanisamehe. Hakukuwa na neno lingine.

Alhamisi, 2 Mei

Nimerudisha spika. Mwalimu wa kwaya akauliza kama imesaidia. Nikamwambia asante sana.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua zinapungua. Hunyesha kidogo asubuhi, halafu jua. Sasa kila kitu kinasikika: kuku, baiskeli, mtu anayekohoa barabara ya pili. Bati likinguruma sote tulikuwa kama yeye. Sasa amebaki peke yake.

Anakaa kitini. Tunazungumza naye kwa daftari la mazoezi. Mama anaandika vibaya, naye anamsahihisha: "Mwalimu ataona." Ni mzaha wa kwanza tangu mashineni. Haukurudi.

Jumapili, 12 Mei

Dada, leo amekutaja.

Umepiga simu asubuhi. Mama akaongea nawe kwa ufupi kama kawaida, nawe hukuomba kupewa Baba. Umeacha kuomba. Baba alimwona Mama akiweka simu chini, akaniuliza, "Nani?" Nikaandika: *Dada.*

Alilisoma neno lile. Kisha akasema, "Huyo aliyeondoka bila kuaga."

Nilidhani nimekosea kusikia, mimi mwenye masikio. Nikaandika: *Aliaga.*

"Hakuaga. Jana yake nilimwambia kwamba hasikii, ni mtoto asiyesikia, kiwanda cha sabuni kina nini. Nilisema kwa ukali, nakubali. Asubuhi nilikuwa dirishani nashona gunia. Nikawaza, atakuja aseme neno, nami nitasema langu. Nikageuka nikakuta mlango mtupu."

Dada, mimi nilikuwa nje na begi lako kichwani. Nilikuona umesimama mlangoni. Nilimwona Baba dirishani ameupa mlango mgongo. Niliona mdomo wako ukisema kitu, kirefu, ukangoja, ukasema tena, ukangoja. Halafu ukatoka ukilia, ukaniambia, "Umeona? Hata kugeuka hakugeuka." Nami nilikubali. Msimu mzima nimekubali. Nimeandika kiburi kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari hili, na sitakifuta, kwa sababu niliahidi.

Nikaandika kila kitu: *Alisimama mlangoni. Alisema. Alingoja ujibu. Akasema tena. Ulikuwa umegeukia dirisha.*

Baba alisoma. Akasoma tena, kidole kikifuata maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Akageuza kichwa akautazama mlango. Nje watoto walikuwa wanacheza wakiimba, na niliona aibu kwamba nawasikia.

"Alisema nini?" akauliza.

Nikaandika: *Sijui. Nilikuwa mbali.*

Akachukua kalamu mkononi mwangu. Hajawahi kuichukua, sisi ndio tunaoandika, yeye anasema. Akapigia mstari neno *alisema*. Akarudia kuupiga hadi karatasi ikatoboka. Kisha akaegemea kiti, akafumba macho, na mabega hayakushuka.

Ijumaa, 17 Mei

Haijanyesha wiki nzima. Ndiyo mwisho wa mvua, na mwisho wa ahadi yangu. Dereva wa lori yuko nje, anapiga honi, anamwambia Mama pumba haingoji fasihi.

Sina habari njema ya kufungia, Dada. Halali. Filimbi yake haipumui. Nilidhani nitampatia muziki wa kumlegeza, na sasa naona kuna jambo moja tu mwili wake umelikunjia ngumi. Tangu Jumapili amehamisha kiti. Kilikuwa kinatazama ukuta, sasa kinatazama mlango. Nami sitaki ukisie wala uandike kitu kizuri zaidi. Nataka maneno yaleyale, yote, na yale ya mara ya pili. Tumia kalamu nzito na herufi kubwa, maana kusoma bado anasoma. Lori linageuza Alhamisi, mpe dereva mkononi.

Asubuhi ile, pale mlangoni, ulimwambia Baba nini?